Kikombe Juu ya Boneti

Fundi hakuwa mtu wa kukuambia gari lako limepona. Alikuonyesha. Alimtuma mtu hoteli ya jirani alete chai, kikombe kimejaa mpaka mdomoni, akakiweka juu ya boneti, kisha akawasha injini. Wewe mwenye gari ulisimama pale na haraka zako, naye ameinama, mikono nyuma, anakikodolea macho kile kikombe bila kupepesa. Tone moja likimwagika, alizima injini akarudi chini ya gari, nawe ukarudi nyumbani kwa miguu. Lisipomwagika, alikupa kikombe unywe.

"Kunywa, ni yako hiyo. Sasa peleka gari yako."

Mimi nimekunywa chai nyingi sana pale Kapkatet, na nyingi ilikuwa imeshapoa. Nilikuwa muuguzi wa zahanati ndogo ya kanisa kule upande wa Sigor, na gari letu, dizeli kuukuu tuliyopewa kama sadaka, lilikuwa mgonjwa wa kudumu wa Fundi. Yeye aliniita Sista, kama watu walivyowaita wauguzi wote siku hizo. Mimi nilimwita Fundi, na mpaka leo sioni sababu ya kumwita jina lingine. Mafundi walikuwa wengi kati ya Kericho na Bomet miaka ile ya sitini, lakini ukisema Fundi bila kuongeza kitu, kila mtu alijua ni yule Mkisii mrefu wa Kapkatet, mzee wa kanisa, anayeimba besi na kuvuruga kwaya nzima.

Alichukia kelele za gari kuliko dhambi kadhaa ninazozijua. Lakini yeye mwenyewe, jameni! Alikuwa anapiga nyundo huku anaimba, anaimba huku anagombana na injini. "Nyamaza! Wewe, nakwambia nyamaza!" Mgeni akipita barabarani angedhani kuna mtu anapigwa ndani. Nilimwambia siku moja kwamba kitu cha kwanza cha kutengenezwa katika gereji ile ni mwenye gereji. Akaweka nyundo chini, akasema, "Sista, mimi sina spea."

Na hili ndilo lililotuchekesha zaidi: Fundi hakuweza kupanda gari. Alitapika. Kutoka gereji yake mpaka sokoni, hata kilomita moja haifiki, angeshuka amekuwa kijivu, anashika mti. Magari yote aliyoyatengeneza maishani mwake yaliendeshwa na watu wengine, naye akiwa amesimama kando anasikiliza. Dereva wetu Kiplangat, kijana mwenye mdomo, alizoea kumwambia, "Fundi, twende nikupeleke kanisani," ili tu amwone anavyorudi nyuma hatua mbili.

Kisha kulikuwa na habari ya chai. Alikiagiza kikombe, akakijaza, akakipima, akakitoa kwa wengine. Mwenyewe hakuonja. Alikunywa uji, au maji ya moto na chumvi kidogo. Huku kwetu ukikataa chai nyumbani kwa mtu ni kama umekataa kumsalimia, na mimi nilimtania kwa jambo hilo mbele ya watu, miaka mitatu mizima. Nilimwita mpagani wa Kericho. Nilimuuliza kama anaogopa meno yataharibika, na hali yalikuwa yamebaki machache. Alicheka na wote waliocheka, hakujibu kitu.

Aliyenijibu ni mkewe. Mama Kemunto alikuwa mchumaji chai. Siku moja ya mvua, kikapu kimejaa mgongoni, aliteleza kwenye mteremko akaangukia ukingo wa mtaro. Mgongo ulipona vibaya. Nyumbani aliweza kutembea kwa fimbo, kupika, kukaa mlangoni akachagua maharagwe na kuwasema wapita njia. Ila gari hakuliweza kamwe. Likiwashwa tu, kabla halijasogea, ule mtetemo ulipanda kutoka sakafuni ukaingia kwenye mfupa, akalia kwa sauti. Nilimwona mwenyewe nilipojaribu kumpeleka Kericho kwa daktari. Hatukufika mbali. Nilimrudisha, na nilipokuwa namshusha akaniambia, huku anahema, "Sista, mwache mzee wangu na chai yake. Aliapa siku nilianguka. Huo ugomvi na chai ni wake. Mgongo ni wangu, na mimi nakunywa."

Niliona aibu ambayo bado naikumbuka. Sikumwita mpagani tena, angalau si mbele ya watu.

Shida yenyewe haikuwa daktari. Mama Kemunto alikuwa na mama yake mzazi huko milima ya Kisii, kikongwe, macho yameshaziba, hawezi kuvuka hata kijito. Kila aliyetoka upande ule alikuja na ujumbe uleule: mwambieni mtoto wangu aje nimshike kabla sijaenda. Kwa mguu hakuweza. Kubebwa na wanaume kwenye machela alikataa katakata. "Mimi si maiti," alisema, na mjadala ukaisha hapo. Kikongwe alikuwa anangoja, miaka inakwenda, na kati ya mama na mtoto wake kulikuwa na safari ya siku moja tu. Fundi alikuwa na kazi moja duniani: kumfikisha mkewe kwa mama yake kabla ya mauti kufika.

Aliwahi kunieleza, akichora kwa kidole kwenye vumbi la boneti yangu.

"Barabara naijua dawa yake. Ni pole pole. Ukienda mwendo ya mguu, shimo haikurushi. Lakini hii dizeli, Sista, ikienda pole pole ndio inatetemeka zaidi. Ukikimbia, barabara inamuua. Ukitembea, injini inamuua."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo injini itanyamaza."

Injini ya gari hukaa juu ya raba, chuma kisigusane na chuma. Mafundi huziita mauntingi. Gari letu lilikuwa na nne, zimekauka zikawa ngumu kama soli ya kiatu. Mtu mwingine angetafuta mpya Nakuru, na Fundi alizitafuta kweli, akazifunga, akaweka kikombe. Kilimwagika kidogo tu. Mimi niliridhika. Kiplangat aliridhika. Fundi akasema kidogo hicho kinatosha kumliza mtu, akazifungua zote.

Akaamua kwamba raba peke yake haitoshi, lazima kuwe na kitu cha majimaji ndani yake. Hiyo fikra aliitoa wapi, sijui. Alikata tyubu ya lori, akashona na kugundisha vifuko, akavijaza maji, akakalisha injini juu yake. Haiya! Injini ilicheza ngoma. Haikutetemeka tena, ilinesa, juu chini, juu chini, na kikombe hakikumwagika bali kilitembea chenyewe mpaka kikaanguka. Watu wa soko waliacha kununua viazi wakaja kutazama.

Jibu alilipata nyumbani kwa mama yangu, na mama yangu hajawahi kulisahau. Nilimwalika Fundi siku ya sikukuu. Mama akamletea mursik, maziwa ya kugandishwa, katika kibuyu chake kizuri chenye shingo nyembamba. Sisi Wakipsigis hatumpi kila mtu kibuyu kile. Fundi alikipokea kwa mikono miwili, vizuri kabisa. Kisha, badala ya kunywa, akaziba mdomo wa kibuyu kwa kiganja, akakipindua, akakitikisa. Akakigeuza. Akakitikisa tena, amefumba macho. Mama akaniinamia, akaniuliza kwa sauti ambayo hata ng'ombe nje walisikia, "Huyu mtu wako anapima maziwa yangu?"

"Sista," Fundi akasema, macho bado yamefumba, "haya maziwa yanataka kukimbia, lakini shingo inakataa."

Akainuka. Akarudisha kibuyu bila kuonja hata tone, akashukuru, akaondoka kwa mguu kuelekea Kapkatet, mwendo wa saa nyingi. Ilinichukua mwaka mzima kumpatanisha na mama.

Kumbe kosa la vifuko lilikuwa kwamba maji yalikuwa huru. Sasa Fundi akatengeneza, kwa kila mauntingi, vikombe viwili vya raba nene, akavikalisha mdomo kwa mdomo, na katikati yao akaweka bamba la chuma lenye tundu dogo. Injini ikisukuma, kinachojaza kikombe cha juu kinapita tunduni kwenda cha chini, na kwa sababu tundu ni dogo hakiwezi kufanya haraka. Kinarudi vilevile, polepole. Kule kwenda na kurudi ndiko kunakochosha mtetemo. Nilipoelewa, nilimpigia makofi, akaona haya kama bibi arusi.

Lakini ajaze nini? Maji yalilitia bamba kutu. Akajaza mafuta ya kupikia, na kikombe cha chai kilisimama wima, hata Mama Kemunto alishangilia kutoka mlangoni. Kesho yake tulikwenda Londiani kuchukua viazi vya zahanati, tukalala huko. Asubuhi, baridi ya Londiani mnaijua, mafuta yameganda yote. Tulirudi gari linatugonganisha meno mpaka jua lilipopanda, halafu ghafla likanyamaza. Kiplangat akasema ni gari la kwanza aliloliona linalongoja kuota jua ndipo liwe na adabu. Fundi akajaza oili ya injini. Hiyo haikuganda, ila baada ya wiki kadhaa ilikula raba ikawa laini kama ugali wa mtoto, na injini ikakaa upande.

Ndipo Fundi alipokuja zahanati, kwa mguu, akaniomba kasta oili.

Kasta oili ni yale mafuta mazito ya mbarika tuliyokuwa tunawapa watu waliofunga choo. Yalikuwa mengi stoo, kwa maana hakuna aliyeyapenda. Nilimpimia kijiko, nikampa kwenye chupa, nikamshauri ale mboga. Wiki iliyofuata akarudi kuomba mengine. Nikashtuka kidogo, nikamuuliza maswali ambayo muuguzi huuliza. Mzee wa kanisa akatazama dari.

"Nipe tu, Sista."

"Fundi, ni siku ngapi sasa?"

"Siku ya nini?"

"Bila choo."

"Mimi niko sawa! Nipe chupa kubwa."

Watu waliokuwa kwenye benchi walijibana wasicheke. Aliporudi mara ya tatu nilikataa, nikamtumia Mama Kemunto ujumbe kwamba mumewe ana shida kubwa, ampikie mboga za majani na mapapai. Masikini, alilishwa mapapai wiki mbili, asubuhi na jioni, naye hakusema neno, kwa sababu aliapa hatamwambia mtu kitu mpaka kikombe kithibitishe. Siri ilitoka nilipokwenda kumkagua mwenyewe gereji nikamkuta anamimina dawa yangu ndani ya mauntingi. Alikuwa amegundua kwa pua. Alinusa mafuta ya breki, ambayo hukaa na raba miaka bila kuila, akasikia harufu ya kasta oili yetu ya zahanati. Na kasta oili haigandi kwa baridi ya Londiani. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikampa mtungi mzima.

Kikombe kilisimama. Tulikitazama sisi watatu, mimi, Kiplangat na yeye, injini inanguruma taratibu kabisa, na chai juu yake imetulia. Fundi hakushangilia. Alikwenda nyumbani akarudi amemshika Mama Kemunto mkono, hatua kwa hatua, akamsaidia kupanda nyuma. Kiplangat akakanyaga mafuta kidogo, akaachia. Sote tulikuwa tunaogopa, siwezi kusema uongo, mimi nilikuwa naomba Mungu.

Mama Kemunto akakaza uso, akingoja. Halafu akasema, "Mbona hamwashi?"

Tuliondoka alfajiri ya Jumatatu. Mimi na Mama Kemunto nyuma, juu ya godoro, naye ameshika kikombe cha chai kilichojaa, kwa sababu Fundi aliagiza kiwe kipimo njia nzima. Kiplangat kwenye usukani. Na Fundi? Fundi alitangulia mbele ya gari kwa mguu, anaondoa mawe barabarani. Kila jiwe aliliinamia, akalitupa mtaroni, akaendelea. Tulipitwa na wanafunzi. Tulipitwa na punda. Tulipitwa na mama mmoja mwenye mzigo wa kuni ambaye aliuliza kama kuna mazishi. Pale Sotik vijana walitufuata wakipiga mbinja, wakisema ni mara ya kwanza kuona gari linaongozwa kama ng'ombe, na mtu ametangulia mbele.

"Mwambie asinifanye yai," Mama Kemunto akasema. Lakini alikuwa anamwangalia mgongo wake kupitia kioo cha mbele, na machozi yalikuwa yanamtoka.

Tulifika saa kumi za jioni. Miguu ya Fundi ilikuwa imevimba, kiatu kimoja kimefunguka mdomo. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuja nyuma kutazama kikombe. Kilikuwa nusu. Nilimwona anavyonyong'onyea.

"Imemwagika?"

"Nimekunywa," mkewe akasema. "Ulitaka nikae na chai siku nzima naiangalia?"

Kikongwe alikuwa ameketi kwenye ngozi nje ya nyumba. Alisikia ile fimbo ikija, akanyoosha mikono kabla mtu hajamwambia ni nani. Alimshika bintiye usoni, mabegani, akateremka mpaka kwenye ule mgongo, akaupapasa polepole kwa viganja vyote viwili. Mama Kemunto akamwachia aupapase. Mimi nimeona mengi katika kazi yangu, lakini siku ile nilitoka nikaenda kusimama nyuma ya nyumba. Nikamkuta Fundi huko, anajifanya anakagua migomba.

Kikongwe alikufa kabla ya mavuno yaliyofuata.

Zile mauntingi zilibaki kwenye gari letu miaka mingi, na sijui ni wagonjwa wangapi zilibeba kwenda Kericho bila wao kujua wamekalia dawa ya kuharisha. Fundi alizibadilisha raba kila zilipochoka, akaja mwenyewe kuchukua mafuta, na sasa alijaza fomu ya dawa kwa fahari. Gari lilipokufa kabisa, wazee wa kanisa walimuuliza anataka nini kwenye mabaki. Akachukua hizo nne tu. Malori ya majani ya chai yalikuwa yameanza kupita karibu na nyumba yake, nyumba inatikisika, Mama Kemunto halali. Fundi akaweka miguu ya kitanda cha mkewe juu ya mauntingi, mguu mmoja mmoja. Nilimwambia Mama Kemunto kwamba ndiye mwanamke wa pekee Bureti nzima mwenye kitanda kinachoweza kwenda Nakuru. Akanijibu kwamba hata huko atakwenda kabla yangu.

Mama Kemunto alikwenda kwa Mungu wake miaka ya sabini ikielekea kuisha, kwa homa ya mapafu, kwenye kitanda hichohicho. Nilikuwepo kwenye mazishi. Fundi hakuimba.

Baada ya karibu mwaka nilimpelekea gari letu jipya, ambalo halikuwa jipya tena, linatikisa wajawazito wangu vibaya. Nilikuta gereji imefunguliwa nusu, kimya, hakuna nyundo. Fundi alikuwa amekonda. Alilisikiliza gari kidogo, akaingia nyumbani, akakaa sana. Nilimfuata. Nilimkuta amepiga magoti kando ya kile kitanda, kimetandikwa vizuri, anainua mguu mmoja mmoja na kutoa mauntingi.

"Fundi, wacha. Tutatafuta zingine Nakuru."

"Zimekaa bila kazi," akasema, bila kugeuka. "Raba bila kazi inakauka."

"Lakini ni zake."

"Ndio. Na yeye hapendi kitu ikae bure. Shika hii."

Nikashika. Zilikuwa nzito, safi, zimepanguswa, na zimejaa mafuta mpaka juu. Mwaka mzima alikuwa anaziongeza mafuta chini ya kitanda kitupu.

Kuzifunga kulimchukua siku tatu, kazi ambayo zamani ingemchukua asubuhi moja. Siku ya tatu nikaja na Kiplangat, ambaye sasa alikuwa na watoto wanne na mdomo uleule. Injini iliwashwa, ikanguruma kwa adabu. Fundi akapokea kikombe kutoka hotelini, kimejaa mpaka mdomoni, akageuka kukipeleka kwenye boneti.

Hakikufika. Mkono wake ulikuwa unatetemeka, na chai ilimwagika njiani, kwenye vidole, kwenye kiatu. Alipokiweka juu ya boneti kilikuwa nusu, na hapo kikatulia, hakikusogea hata kidogo. Fundi akakitazama kikombe, kisha akautazama mkono wake. Kiplangat akageukia upande mwingine. Mimi moyo uliniuma, lakini kumwonea huruma mzee yule mbele ya watu kungekuwa kumtukana.

"Fundi," nikasema, "gari iko sawa. Mauntingi ya mkono ndio imekwisha."

Mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko, taratibu, mpaka tukayaona yale meno mawili yaliyobaki.

"Na hii nayo unatibu na kasta oili, Sista?"

"Hii hata nikikupa mtungi mzima utakimbilia chooni tu."

Alicheka mpaka akapangusa macho, na akaendelea kupangusa baada ya kicheko kuisha. Nikanyoosha mkono nichukue kikombe changu, kama siku zote. Lakini alinitangulia. Alikishika kwa mikono miwili, kama alivyokishika kile kibuyu cha mama yangu, akakipeleka mdomoni polepole, akanywa. Injini ilikuwa inaunguruma. Akanywa mpaka chini kabisa, akatazama ndani ya kikombe kuhakikisha kimekwisha.

"Kumbe ndiyo hii," akasema. "Miaka hii yote mnakunywa peke yenu."

Kisha akanipa kikombe kitupu, akaniambia nimletee kingine, na safari hii kisijae sana.